Huntington ikiingia nyumbani: pangeni nyumba, msishindane na mgonjwa

Ugonjwa wa Huntington ulimchukua baba yangu, ukamchukua shangazi, na sasa uko kwa mdogo wangu wa kiume. Mimi ni dada yake mkubwa, namtunza kwa zamu na wifi yangu. Haya nawaandikia watu ambao jina hilo limetajwa kwao juzijuzi na bado wanatazamana tu, hawajui waanzie wapi.

Kwanza mambo ya msingi. Huntington ni ugonjwa wa ubongo unaotokana na kasoro kwenye jeni moja iliyo katika kromosomu ya 4. Ndani ya jeni hiyo kuna herufi tatu, C, A na G, zinazojirudia. Kila binadamu anazo, ila idadi ndiyo inayotofautiana. Marudio 26 au pungufu hayana tatizo. Kuanzia 40 kwenda juu, ugonjwa utakuja ukijaliwa umri wa kutosha. Kati ya 36 na 39 unaweza kuja au usije. Mwenye 27 hadi 35 kwa kawaida haugui, ila mara chache namba hupanda inapopita kwenda kwa mtoto, hasa ikitoka kwa baba. Kila mtoto wa mwenye jeni hii ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume, na kila mimba huanza hesabu yake upya. Kwamba kaka ameupata hakumwongezei dada kinga wala hatari. Aliyeikosa jeni hana cha kuwarithisha wanawe. Kwa wengi dalili huanza kati ya miaka 30 na 50, na tangu hapo mtu huishi takriban miaka 15 hadi 20 huku akipungukiwa kidogo kidogo.

Watu wa nje huona mwili unavyochezacheza: mabega yanapanda, vidole vinapiga kinanda hewani, mguu unaruka bila kuagizwa. Wanadhani huo ndio ugonjwa wenyewe, au wanadhani mtu amelewa. Sisi tuliomo ndani tunajua kwamba mwili kuchezacheza tunaweza kuuzoea. Kinachotikisa ndoa na kuwafukuza jamaa ni hasira, ukaidi, uzembe usioelezeka, na swali moja linaloulizwa asubuhi mpaka usiku. Nayo huanza mapema, mara nyingi miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutikisika. Kwa hiyo ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo moja: msijaribu kumrekebisha mgonjwa, rekebisheni kila kitu kinachomzunguka. Ukishindana naye, mtashindwa wote wawili.

Kwa nini "subiri" haifanyi kazi

Sehemu ya ubongo inayoharibika mapema zaidi iko ndani kabisa, huitwa striatamu. Ndiyo inayomwezesha mtu kuanza jambo, kuliacha, kuhamia lingine, na kuzuia kile kilichomjia mdomoni. Ikichakaa, mtu anabaki na akili zake, anawakumbuka watu wake, anacheka utani, lakini breki na gia hazishiki. Ukilielewa hilo, mengi yanayoonekana kama ufidhuli yanapata maelezo.

Mdogo wangu hawezi kusubiri. Simaanishi hapendi, namaanisha hawezi. Tukimwambia Jumatatu kwamba Alhamisi ana miadi ya daktari, mpaka Alhamisi hakuna anayelala. "Dada, gari limefika?" Saa nane za usiku amesimama mlangoni, viatu miguuni. Sasa safari yoyote anaambiwa asubuhi ya siku yenyewe, baada ya kuoga. Neno "subiri" tumelifuta, na "sasa hivi" pia, maana kwake "sasa hivi" ni sasa hivi. Tunasema "saa nne", tunamwonyesha mshale wa saa ya ukutani utakapofika, na saa nne ikigonga jambo linafanyika kweli. Mkimdanganya juu ya saa, mbinu hii inakufa.

Ratiba iwe ileile kila siku: kuamka, kuoga, kula, kutembea, kulala. Inachosha, najua. Wageni watasema mnaishi kama kambini. Waacheni waseme. Ratiba inafanya kazi ambayo ubongo wake umeacha kuifanya, kazi ya kumwambia kinachofuata.

Maswali yaliyo wazi mno hayana faida. Muulize "Utavaa nini leo?" atasimama mbele ya kabati mpaka uchoke. Muulize "La bluu au jeupe?" utapata jibu, kwa sharti kwamba utanyamaza umngoje. Hapa ndipo wengi hukosea: swali limeulizwa, kimya kimepita kidogo, wanaliuliza tena kwa maneno mengine. Kwake hilo ni swali la pili, na la kwanza bado lilikuwa njiani. Mimi nahesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano kabla ya kufungua mdomo tena. Uso wake hauonyeshi kwamba anafikiri, lakini anafikiri.

Halafu kuna kukaa tu. Mtu aliyekuwa hatulii sasa anakaa kitini kutwa nzima, haogi asipoambiwa, hasikitiki wala hafurahi. Jamaa watamwita mvivu. Anachokosa ni kile kisukumo cha kuanza. Maneno ya kumtia moyo hayasaidii sana, wala kumgombeza. Kinachosaidia ni kumwanzishia: mpe mswaki mkononi ukiwa umeshatiwa dawa, simama naye, uupeleke mkono mpaka mdomoni. Akishaanza, ataendelea mwenyewe. Na msichanganye hali hii na sonona. Sonona nayo ipo, ni ya kawaida sana kwenye Huntington, na inatibika kwa dawa kama kwa mtu mwingine yeyote. Dalili za kumwonyesha daktari ni kukosa tumaini, kulia, kujilaumu, kuzungumzia kufa. Anayekaa tu bila huzuni yoyote ana tatizo jingine.

Jambo lililotuchukua muda mrefu kulielewa kwa baba ni kwamba alikuwa haoni ugonjwa wake. "Mimi ni mzima, nyinyi ndio mna wasiwasi," alisema hivyo huku mguu wake ukirusha kandambili mpaka katikati ya chumba, na hakuiona ilivyoruka. Tulidhani anakataa ukweli kwa kiburi. Kumbe ugonjwa huu hudhoofisha hata uwezo wa ubongo kuzipokea habari za mwili wenyewe. Kwa hiyo usiifanye ajenda ya nyumba kwamba "lazima akubali kwanza kuwa ni mgonjwa". Huenda asikubali kamwe, na bado anaweza kutunzwa vizuri. Mpe sababu anayoiona yeye: dawa hii ni ya kukusaidia kulala, kiti hiki hakipinduki, daktari anataka kukupima uzito.

Kuhusu hasira, mlipuko hauji bila chanzo. Njaa, choo kigumu, jino bovu, uchovu, kelele, kukimbizwa, ratiba kuvurugika, au kusema jambo mara tatu na asieleweke. Andikeni kilichotangulia kila mlipuko na baada ya muda mtaona mpangilio. Kwa mdogo wangu ni njaa ya saa kumi jioni na televisheni ikiwa imewashwa watu wakiongea. Mlipuko ukishaanza, usieleze, usitetee haki yako, usimguse. Shusha sauti, sema "nakusikia", toka chumbani, watoe watoto, rudi baadaye na jambo jingine kabisa. Usimdai msamaha. Wagonjwa wengi wa Huntington hata uso wa mtu aliyekasirika au aliyeumia hawausomi vizuri, kwa hiyo kumnunia ni kujichosha mwenyewe. Sema kwa maneno: "Umenikwaza, nakwenda nje kidogo." Ikifika mahali mtu anapiga au anatishia, hilo ni suala la daktari siku hiyohiyo, kwa sababu zipo dawa za kulituliza. Usalama wa watoto na wa mtunzaji haujadiliwi.

Na muulizeni waziwazi kuhusu kujiua. Hatari ya kujiua kwenye ugonjwa huu ni kubwa kuliko kwa watu wengine, hasa pale dalili zinapoanza kujitokeza kabla hata ya jibu la daktari, na pale mtu anapopoteza uhuru wa kufanya kazi au kuendesha gari. Kuuliza "Je, unafikiria kujiua?" hakumpandikizii wazo. Kunampa mlango wa kusema. Akikubali kwamba anafikiria hivyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe nyumbani, na apelekwe kwa daktari mara moja.

Mezani

Mezani ndipo ninapotumia nguvu nyingi kuliko mahali pengine, na nina sababu. Watu wenye Huntington hufa zaidi kwa nimonia, na mara nyingi nimonia hiyo hutokana na chakula au mate kuingia njia ya hewa. Baba alikwenda hivyo.

Tunavyofanya ni hivi. Televisheni inazimwa, simu zinatolewa, mtu mmoja tu anakaa naye. Anakaa wima kabisa, nyonga zimefika nyuma ya kiti, miguu imekanyaga chini. Kiti ni kizito chenye mikono. Bakuli lina kingo za juu na limewekwa juu ya mkeka wa mpira ili lisiteleze. Kijiko ni kidogo chenye mpini mnene. Kikombe kina mfuniko. Anachukua kijiko kimoja, anatafuna, anameza, nangoja nione koo limepanda na kushuka, ndipo anachukua kingine. Simsemeshi chakula kikiwa mdomoni, kwa kuwa atataka kujibu. Tatizo lake kubwa ni kujaza mdomo. Ile breki niliyoisema haipo hapa pia. Kwa hiyo simwekei sahani nzima. Naweka kidogo, kikiisha naongeza.

Msichokitarajia ni kwamba maji ndiyo hatari. Maji matupu huteremka kwa kasi kuliko koo linavyoweza kujifunga. Mtaalamu wa matamshi na umezaji ataangalia na kusema kama vinywaji vinahitaji kufanywa vizito, na vizito kiasi gani. Kinachosumbua zaidi ni chakula chenye vipande vigumu vinavyoelea kwenye majimaji, maana mdomo unatakiwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Vyakula vikavu vya kupukutika navyo viepukwe. Akimaliza, abaki ameketi wima kama nusu saa, kisha mdomo usafishwe vizuri. Usafi wa mdomo si urembo: mate yanayopotea njia yakiwa na bakteria wengi ndiyo yanayoleta nimonia. Kila anayekaa naye mezani ajifunze kwa vitendo namna ya kumwokoa mtu aliyekabwa na chakula, na ajifunze kabla ya siku hiyo. Sauti ikiwa kama yenye maji baada ya kunywa, kikohozi kila mlo, homa zisizoeleweka: msisubiri miadi inayofuata.

Jambo la pili ni uzito. Hawa watu hukonda hata wakila vizuri. Mwili hauachi kujongea mchana kutwa, na ugonjwa wenyewe unachoma nishati. Wengine huhitaji chakula karibu mara mbili ya mtu wa kawaida. Sahauni ushauri wa kupunguza mafuta na sukari mliouzoea, isipokuwa daktari ameukazia kwa sababu nyingine. Milo midogo mitano au sita, kila mlo uongezewe mafuta, maziwa au chochote chenye nguvu, na apimwe uzito kila mwezi kwa mizani ileile. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, twende kwa mtaalamu wa lishe.

Swali la mpira wa kulishia unaopitishwa tumboni liulizwe mapema, angali anaweza kulijibu. Wengine huutaka, wengine hawautaki kabisa, na hakuna jibu lililo sahihi kwa kila mtu. Mdogo wangu alisema lake, tukaliandika, akatia saini akiwa bado anaishika kalamu. Sisemi alichochagua. Ninachosema ni kwamba wifi yangu analala, kwa sababu uamuzi huo hautakuwa wake usiku mmoja kwenye korido ya hospitali.

Vitu vya nyumbani

Hapa nitakwenda haraka. Ondoa mazulia madogo na nyaya sakafuni. Meza zenye kona kali zitoke. Kitanda kiwe cha chini, na godoro la pili liwe sakafuni pembeni. Bafuni pawe na vishikio ukutani na kiti cha kuogea. Suruali za mpira kiunoni, viatu visivyo na kamba, mashine ya umeme ya kunyolea badala ya wembe. Kama anavuta sigara, avute akiwa na mtu, kwenye kiti kisichoshika moto, na kiberiti kikae kwako. Gari: macho na uwezo wa kuamua haraka huathirika mapema, kwa hiyo apimwe uwezo wake wa kuendesha, na jibu litoke kwa mtaalamu, lisitoke kwa mke. Mke ana vita vya kutosha.

Dawa

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuzuia wala kuuponya ugonjwa wenyewe. Zilizopo hutuliza dalili. Tetrabenazini, na ndugu zake wawili wa baadaye, deutetrabenazini na valbenazini, hupunguza mwili kuchezacheza. Penye uhaba wa hizo, madaktari hutumia dawa za akili kama olanzapini au risperidoni, ambazo pia hutuliza hasira, na olanzapini mara nyingi huongeza uzito, jambo ambalo kwetu ni neema. Tetrabenazini inaweza kuleta au kuzidisha sonona, kwa hiyo anayeianza aangaliwe kwa karibu na daktari aambiwe historia yote ya huzuni.

Kabla ya kukubali dawa ya mwili kuchezacheza, jiulizeni inamsumbua nani. Ikiwa mgonjwa halalamiki, haanguki na anakula, na wanaosumbuka ni wageni wanaomtazama, sioni sababu ya kumpooza mtu kwa ajili ya macho ya wageni. Dawa nyingi za kutuliza humfanya mtu awe mzito na kumeza kuwa kugumu zaidi. Na dawa yoyote isikatishwe ghafla kwa sababu mmeona haina kazi. Piga simu kwanza.

Mtoto au kijana akiugua, sura hubadilika: badala ya kuchezacheza, mwili hukakamaa na kupunguza mwendo, masomo hushuka, wengine hupata kifafa. Wengi wao wameirithi jeni kutoka kwa baba, na marudio yao ni mengi, mara nyingi zaidi ya 60. Mwambieni daktari habari za ukoo, la sivyo anaweza kutafuta mahali pengine kabisa.

Kupima au kutopima

Hili ndilo swali mtakaloulizwa na kila mtu asiye na haki ya kuuliza.

Kipimo cha damu cha moja kwa moja kimekuwepo tangu jeni ilipopatikana mwaka 1993. Ilipatikana kwa sababu familia kubwa za pwani ya ziwa Maracaibo, Venezuela, zilitoa damu zao mwaka baada ya mwaka kwa watafiti walioongozwa na Nancy Wexler, ambaye mama yake mwenyewe aliuawa na ugonjwa huu. Mwanamke huyo, aliyewezesha kipimo kupatikana, alichagua kutopima. Mwaka 2020 alisema hadharani kwamba anao. Nalitaja hili kwa wale wanaowaambia ndugu zao kwamba kutopima ni woga. Watu wengi walio kwenye hatari hawapimi, na wana sababu zao. Jibu lenyewe halibadilishi matibabu yoyote, na likishajulikana halirudi.

Wengine hupima kwa sababu wanataka kuoa, kuzaa, kujenga, au kwa sababu kutojua kumewanyima usingizi. Hizo pia ni sababu nzuri. Ila usipime ukiwa katika wiki ya msiba, wala kwa sababu mchumba, mwajiri au mama mkwe amekushurutisha. Usipime kwa kutuma mate kwa posta peke yako. Utaratibu unaofaa huanza na mshauri wa vinasaba, uchunguzi wa daktari wa mishipa ya fahamu, mazungumzo kuhusu hali yako ya kihisia, muda wa kufikiri, kisha damu, na jibu unalipewa uso kwa uso. Unaweza kusimama hatua yoyote, hata siku ya bahasha. Na uliza sheria za bima za nchi yako kabla ya damu kutoka, si baada.

Nenda na mtu, lakini asiwe ndugu mliozaliwa naye tumbo moja, kwa kuwa jibu lako litampiga yeye pia. Mimi nilikwenda na rafiki. Ndugu msichukue majibu siku moja.

Karatasi ina namba mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Yangu ilisema 17 na 22. Ya mdogo wangu ilisema 18 na 44. Namba kubwa huelekea kuanza mapema, lakini 44 haikwambii mwaka wala haikwambii kama kitatangulia kichwa au mguu, kwa hiyo usikae unapiga hesabu.

Kwetu ukoo mzima ulikuwa umeshaamua kwamba mgonjwa anayefuata ni mimi, kwa kuwa nimefanana na baba sura, mwendo, mpaka kucheka. Kufanana na mgonjwa hakumaanishi kitu. Jeni ya sura na jeni hii hazisafiri pamoja. Kila ukoo niliokutana nao una mtoto wake aliyehukumiwa hivyo, na ingefaa mchezo huo ukome. Siku nilipomwambia mdogo wangu jibu langu, yeye akiwa na lake tayari, sikujua niuweke wapi uso. Akanitazama akasema, "Afadhali, dada. Wewe usingekuwa mgonjwa mwenye adabu." Aliyekosa jeni naye anahitaji mshauri baada ya jibu. Huzuni ya kuponea peke yako ipo, na hakuna anayekupa pole kwayo.

Kwa wanaotaka watoto, kuna kupima mimba changa, na kuna njia ya kutungisha mimba maabara na kupandikiza viinitete visivyo na jeni. Kituo cha uzazi kinaweza hata kuifanya bila kumwambia mzazi kama yeye mwenyewe anayo. Yote yaulizwe kabla mimba haijaingia.

Na kama dalili zote ni za Huntington lakini kipimo kimerudi safi, usirudi nyumbani. Kuna ugonjwa unaofanana nao sana, unaosababishwa na jeni nyingine iitwayo JPH3 kwenye kromosomu ya 16, na unaonekana karibu kila mara kwa watu wenye asili ya Afrika. Muulize daktari jina hilo kwa herufi zake, kwa sababu wengi hawaufikirii.

Watoto wa nyumbani

Siri haifichiki kwenye nyumba hii. Watoto huona, na wasipopewa maelezo hujitungia mabaya zaidi. Mpwa wangu mdogo aliniuliza, "Shangazi, baba ananichukia?" Nilimjibu hivi, na ningemjibu hivi tena: "Baba ana ugonjwa kwenye ubongo. Ndio unaomkasirisha haraka. Hukuusababisha wewe, na haukuambukizi ukimkumbatia." Kwa umri wake hayo yalitosha, akarudi kuchora.

Mkubwa wake, wa sekondari, aliuliza swali lenyewe: na mimi? Msimdanganye mtoto wa umri huo, na msimwage habari zote siku moja. "Inawezekana unao, inawezekana huna. Leo hakuna anayejua. Ukiwa mtu mzima utaamua wewe kama unataka kujua, na vyovyote utakavyoamua tuko nyuma yako." Mtoto asiye na dalili hapimwi, hata mzazi akibembeleza. Haki ya kutojua ni ya mtoto, na mzazi hawezi kuitumia kwa niaba yake.

Karatasi, na wauza matumaini

Mapema, wakati saini yake bado ni yake na akili inakubalika kisheria, andikeni hati inayompa mtu mnayemwamini mamlaka ya kusimamia fedha na mali, wosia, na maagizo ya matibabu ya mwisho. Akaunti iwekewe kikomo au saini mbili, kwani kununua bila kufikiri ni dalili, na wadanganyifu humjua mtu wa namna hiyo. Tengenezeni pia kadi ndogo ya mfukoni yenye jina la ugonjwa, maneno "sijalewa, nina ugonjwa wa ubongo", na namba yako ya simu. Ya mdogo wangu imemwokoa mikononi mwa askari zaidi ya mara moja.

Mtakuja kuuziwa dawa. Kuna wa mizizi, wa vidonge vya lishe, na wa "seli shina" wenye makoti meupe na bei ya nyumba. Utafiti wa kweli upo: jaribio kubwa la dawa ya tominasene lilisimamishwa mwaka 2021 baada ya kuonekana halileti faida, na mwaka 2025 tiba ya jeni iitwayo AMT-130, inayoingizwa ubongoni kwa upasuaji, ilitangaza matokeo ya kutia moyo kwa kundi dogo la wagonjwa. Utafiti halali haukutozi ada ili uingie, unakupa karatasi ya kusoma nyumbani, na unakuruhusu kujitoa siku yoyote bila kuulizwa. Anayekuambia ulipe kwanza na uamue leo, mwonyeshe mlango.